Katikati ya Barabara Hakuna Mwenyewe

Nilichoka mwaka ule kuliko mwaka wowote, na mimi si mtu wa kuchoka upesi. Nimezaa, nimezika, nimelima mpunga kwenye tope la kufika mapajani, wala hamkunisikia nikilalamika. Lakini kulima barabara! Barabara haioti kitu. Unailima leo, kesho mvua inakuja kuilima upya inavyotaka yenyewe, na keshokutwa anakuja mtu amevaa kofia anakuuliza kwa nini hukulima.

Ilikuwa zama za Mdachi, miaka michache kabla ya vita. Barabara ilitoka Mwaya ziwani, ikapita kwetu karibu na Ipyana, ikapanda milimani kwenda bomani. Wale walioipima waliona mahali pana uwazi mrefu ulionyooka, migomba huku na migomba kule, wakasema hapahapa. Hawakuuliza ule uwazi ni wa nini. Wangeuliza wangeambiwa kwamba ni mpaka. Upande wa juu kilikuwa kijiji cha wazee, upande wa chini kijiji cha vijana, yaani watoto wao. Kwetu Wanyakyusa kijana akishapevuka hakai na baba yake. Anajenga na wenzake wa rika lake, anaoa hukohuko, na mke wake hamwoni baba mkwe maisha yake yote. Hamtaji jina, hamsemeshi, hakanyagi alipokanyaga. Wakikutana njiani mke anaruka pembeni, anajifunika, anageukia migomba mpaka mzee apite. Mzee naye anakohoa tangu mbali ili mtoto wa watu apate nafasi ya kujificha. Hiyo ndiyo heshima, wenyewe tunaita ukutila, na tuliamini kwamba ukiivunja tumbo lako halitashika mimba tena. Sasa wao wakaja wakaiweka barabara yao juu ya mpaka huohuo.

Baba mkwe wangu aliitwa Ambilikile. Shamba lake lilitazamana na letu, barabara katikati. Mke wake, mama mkwe wangu, alikuwa amekwisha kufa, na mzee alibaki na ng'ombe wake wachache na kikohozi. Kile kikohozi nilikijua kuliko sura yake, maana sura yake sikuwa nimeiona hata siku moja.

Mume wangu Lutengano hakuwepo. Boma lilitaka wapagazi, vijana wengi wa upande wetu wakachukuliwa kwenda na mizigo kaskazini, naye akiwamo. Mwaka ule kijiji cha vijana kiligeuka kijiji cha wanawake. Asubuhi anaondoka Lutengano alizunguka migomba yote akiishika mmoja mmoja, akaniambia, "Angetile, shamba hili ndilo mimi. Nikirudi nisikute mtu mwingine anakula ndizi zangu." Nikamwambia, "Nenda, wewe rudi tu." Hatukuwa na mtoto bado. Kama shamba lingepotea, mimi ningerudishwa kwa baba yangu, na Lutengano angerudi asikute mahali pa kuweka mkeka wake.

Basi, zamani barabara ilipoharibika, malafyale, chifu wetu, alipiga mbiu. Watu walitoka pande zote, hata wale wa mbali ambao hawajui barabara inafananaje. Anachinjwa dume, pombe inapikwa, wazee wanafanya siku yao, vijana na wake zao siku yao, kazi inaisha kwa kuimba. Hakuna aliyechoka. Au tulichoka lakini tumeshiba.

Siku moja tukaitwa kwa malafyale kusikiliza utaratibu mpya. Aliyeusoma alikuwa Lameck. Lameck alikuwa mwenzake Lutengano wa rika moja, alisoma misheni, akapewa kazi ya kusimamia barabara kutoka mtoni mpaka kwetu. Si mtu mbaya. Ila alikuwa na tabia ya kusoma jambo baya kwa sauti tamu.

"Kuanzia sasa," akasema, "mambo ya kuita watu wote basi. Mwenye shamba linalogusa barabara ndiye anayefaidi barabara, kwa hiyo yeye ndiye ataitunza. Kila mtu na kipande kilicho mbele yake, kwa mikono yake, kwa chakula chake, kwa mianzi yake. Wanaotazamana ni kundi moja, kipande kimoja. Asiyegusa barabara hahusiki."

Wale wa mbali wakapiga makofi. Mh! Watu bwana.

"Na siku ya ukaguzi," Lameck akaendelea, "kila mwenye shamba asimame kwenye kipande chake. Kipande kikiwa kibovu, au mwenyewe asipoonekana, shamba litapewa mwingine anayeweza."

Damari, jirani yangu, akanigusa ubavuni. "Dada Angetile, umesikia? Ati tunafaidi." Damari alikuwa amebatizwa, mumewe yupo, na yeye alishaacha ukutila kwa sababu misheni walimwambia si dhambi kumsalimia mzee. Alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekwisha kuona: kundi moja, kipande kimoja, mimi na baba mkwe.

Sikuwa peke yangu. Wanawake wote ambao waume zao walikwenda na mizigo walitazamana na baba zao wakwe. Wazee wakanung'unika upande wao, sisi tukanung'unika upande wetu tukiwa tumewapa mgongo, mpaka malafyale akamwambia Lameck, "Rudi ukawaambie hao mabwana kwamba jambo hili haliwezekani. Si uvivu. Haliwezekani tu." Lameck akaenda bomani. Alikaa huko mpaka tukadhani wamemfunga. Akarudi na nusu ya tulichoomba. Kufanya kazi, kila upande unaweza kuchagua siku zake, na kila mtu ashike nusu ya upana, ile iliyo upande wake. Lakini siku ya ukaguzi wote wasimame pamoja, asikosekane mtu.

"Angalau nusu," Lameck akasema, akijipangusa jasho. Maskini, naye alikuwa amechoka. Bomani wanamwona mshenzi, nyumbani wanamwona Mdachi.

Tukaanza. Siku moja wazee, siku inayofuata sisi. Nilibeba changarawe kutoka mtoni kwa kapu kichwani, nikamwaga, nikashindilia kwa miguu na kwa mchi, nikachimba mtaro upande wangu, halafu nikarudi kwenye maharage yangu yaliyokuwa yakiliwa na magugu. Mikono ikatoka malengelenge juu ya sugu, jambo ambalo sikujua kama linawezekana. Wanawake wa Kikisi waliotoka ziwani na vyungu vichwani walikuwa wakipita wakituonea huruma. "Ugonile, mama! Poleni!" Tunaitikia salamu, wanapita, wanaacha alama za miguu kwenye changarawe mbichi, nami nashindilia tena.

Kila nikija siku yangu niliona kazi ya mzee ya jana yake. Alikuwa anafanya vizuri, kusema kweli. Nusu yake ilikuwa imenyooka, imeinuka, imeshindiliwa. Nami sikutaka kushindwa na mzee anayekohoa, nikainua nusu yangu sawasawa na yake. Wenzangu wote wakafanya vilevile.

Hapo ndipo tulipokosea, na kosa lile sidhani kama kuna watu wengine duniani wangelifanya isipokuwa sisi. Katikati. Nusu ya mzee inaishia katikati, nusu yangu inaanzia katikati. Lakini katikati yenyewe ni wapi? Mzee hakutaka kufika kabisa, asije akaweka mguu mahali nitakapokanyaga mimi kesho. Na mimi vivyo hivyo, niliacha kidogo, kwa heshima. Yeye kidogo, mimi kidogo, kila kipande, kutoka mwanzo wa kijiji mpaka mwisho. Tulipomaliza tulikuwa na matuta mawili mazuri ya changarawe, na katikati yake mfereji ulionyooka kuliko mfereji wowote uliowahi kuchimbwa na mtu anayejua anachofanya.

Mvua ya kwanza ikanyesha, maji yakaona njia.

Lameck alikuja siku ile akiwa amevua viatu, amevishika mkononi. Akasimama kwenye tuta la wazee, akatazama. Akavuka kwenda kwenye tuta letu, akatazama. Kisha akashika kichwa.

"Jamani! Nimewaambia mtengeneze barabara, nyinyi mmetengeneza mto!"

 Tungesema nini? Wazee walisema katikati ni ya wanawake, kwa sababu wao walikwisha kufika mwisho wa nusu yao. Sisi tukasema katikati ni ya wazee, kwa sababu hiyohiyo. Damari, ambaye kipande chake na cha mkwewe kilikuwa safi bila ufa, alikaa barazani kwake akila ndizi ya kuchoma. "Mimi simo," alisema. "Sisi tuliosoma hatuna katikati." Nilitamani kumrushia kitu.

"Bwana wa barabara yuko njiani kuja kukagua," Lameck akasema. "Keshokutwa yupo hapa. Shemeji Angetile, kipande chako ndicho cha bondeni, maji yote yanaishia kwako. Wengine wanaweza kufukia juu juu wakapona. Wewe ukifukia juu juu, atazama mpaka magotini mbele ya macho yako. Shamba la Lutengano litakwenda hivihivi."

Nikamwuliza, "Shemeji, huwezi kusema neno?"

"Nimesema maneno mpaka yameniishia," akajibu, akavaa viatu vyake vyenye tope, akaenda.

Kesho yake ilikuwa siku yangu. Nilitoka mapema na kapu la changarawe. Nikafika nikasikia kikohozi: mzee naye alikuwa amekuja, na kapu lake, kwa sababu alijua bonde lile mtu mmoja halimalizi. Nikaruka mtaroni, nikajifunika kaniki, nikageukia migomba. Yeye akaona kaniki yangu, akageuka upesi akaondoka ili nipate nafasi. Mimi, nikiwa nimegeukia migomba, sikuona kwamba ameondoka. Nikajisemea, mzee amekuja na kapu tayari, acha nimpishe afanye yeye. Nikarudi nyumbani nimeinama. Baadaye nikachungulia: barabara tupu, makapu mawili yamekaa, maji yanapita katikati.

Nikarudi. Naye alikuwa amechungulia, amerudi. Kikohozi. Mtaroni tena. Akaondoka tena. Mchana kutwa tuliheshimiana namna ile, na shimo likawa linaongezeka. Damari alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye hata yeye akaacha kucheka, akanijia na maji ya kunywa.

"Dada, mwambie tu."

"Nimwambie nini? Nife bila mtoto?"

"Mimi nimemsalimia wangu, na unaona watoto wangu."

"Wewe una maji ya misheni kichwani. Mimi nina nini?"

Akachukua kibuyu chake. Mawingu yalikuwa yameanza kujaa upande wa milima ya Livingstone, meusi, na nilijua yakishuka hakuna changarawe itakayokaa. Nilisimama mtaroni, maji yananifika vifundoni, mgongo unaniuma mpaka kwenye meno, nikasikia kikohozi kile kinakuja tena, na nitasema wazi: nilikasirika. Sikumkasirikia mzee. Nilimkasirikia Mdachi, nikamkasirikia Lutengano kwa kuondoka ingawa hakuondoka kwa kupenda, nikakasirikia miguu yangu. Nikatoka mtaroni. Nikajifunika kaniki uso wote, nikampa mgongo, nikasimama katikati ya barabara, ndani ya ule mfereji.

Akakohoa. Sikuondoka. Akakohoa tena, kwa nguvu, akidhani sijasikia.

"Tata," nikasema, kama tunavyomwita baba. "Lete changarawe."

  Nilijua wanawake wanatazama kutoka kwenye migomba yote, nilijua wazee wanatazama kutoka upande wao. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge; nikasema tena. "Tata, mvua inakuja. Wewe mwaga, mimi nitashindilia. Nipe mgongo, nami nitakupa mgongo."

 Kisha nikasikia changarawe ikimwagika nyuma yangu. Sauti ile sijaisahau. Nikarudi kinyumenyume, nikashindilia. Akamwaga tena. Mgongo kwa mgongo, mimi na kaniki usoni naona miguu yangu tu, yeye kimya anakohoa na kumwaga, mpaka lile bonde likajaa, likainuka, likawa na mgongo katikati na maji yakakimbilia mitaroni pande zote mbili kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Alipomaliza akaondoka bila neno. Nilikaa chini palepale. Mvua ikashuka, na changarawe ikakaa.

Bwana wa barabara akaja siku ya pili yake, amepanda nyumbu, Lameck mbele yake. Kila mtu akasimama kipandeni kwake. Yaani walisimama wanavyosimama: wazee wamegeukia juu, wanawake wamegeukia chini, wengine wamechutama mtaroni, kichwa tu kinaonekana. Vipande viwili vya mwanzo nyumbu alizama. Wale wenyewe walipewa muda mpaka mwezi mwandamo mwingine. Akafika bondeni kwangu. Nilisimama nimempa mgongo mzee, mzee amenipa mgongo, barabara iko kavu kati yetu. Yule Mzungu akashuka, akaikanyaga, akaruka juu yake kama mtoto. Akasema maneno, akacheka.

"Anauliza mmefanyaje," Lameck akasema kwa sauti ndogo.

"Mwambie tumelima," nikajibu ndani ya kaniki.

Wakasemezana. Lameck alijaribu kumweleza, nilisikia sauti yake ikipanda na kushuka. Yule mtu akatutazama, mimi na mzee, akacheka tena, akapanda nyumbu wake akaenda zake. Shamba la Lutengano likabaki. Usiniulize kama nilifurahi. Niliingia ndani nikalala nikiwa na tope mwilini.

Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kabla mpunga haujakomaa Lameck akatuita tena. Utaratibu umerekebishwa, akasema. Safari hii sauti haikuwa tamu. Ile ruhusa ya kila upande na siku yake imefutwa. Bwana wa barabara amejionea mwenyewe kwamba mzee na mkamwana wanaweza kufanya kazi pamoja, na barabara inakuwa nzuri zaidi. Kwa hiyo kuanzia sasa wote watafanya pamoja, siku moja, kipande kimoja.

Wanawake wote wakageuka wakanitazama mimi.

Toka siku hiyo hakuna aliyeniambia ugonile. Nikienda mtoni, wanatwika mitungi yao wanaondoka, hata wale ambao yao haijajaa. Mmoja alisema kwa sauti, nisikie, kwamba tumbo langu likiwa gumba si shauri lake, lakini nimewauza na wao. Na kweli, niliwauza. Sikukusudia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Damari peke yake alikuja, na Damari kuja kwake nyumbani kwangu kulizidisha maneno, wakasema ndiye aliyenifundisha.

Upande wa wazee ilikuwa hivyohivyo, Damari ndiye aliyeniambia. Wenzake Ambilikile wakinywa pombe, yeye akifika wanakumbuka kwamba wana kazi. Mzee alikuwa hana mke, hana mtoto karibu, alikuwa na wale wenzake tu.

Asubuhi moja Lameck akaja mlangoni kwangu. Hakukaa kwenye kigoda nilichompa.

"Shemeji, mkweo anahama."

"Anahama kwenda wapi?"

"Njisi, kwa dada yake. Amefunga mikeka. Anasema akiondoka yeye barabarani, wewe hutasimama naye tena, watu watakusamehe. Anasema amekuharibia, anakurudishia heshima yako."

 Kwa kweli nilitaka kulia kwa shukrani. Kwetu kuhama si jambo kubwa, nyumba ni mianzi, ila kwa mzee wa umri ule, kuliacha kaburi la mke wake, ni jambo kubwa. Nikashukuru, "Ndaga. Mwambie ndaga fijo."

Lameck hakuondoka. Aliangalia miguu yake.

"Kuna jambo hajui," akasema. "Sijamwambia, nimeona nianze na wewe. Watu wengi wameanza kuhama wakimbie barabara, boma limeona. Amri mpya imekuja jana. Shamba likiachwa wazi, kipande chake kinamwangukia anayetazamana nalo. Akihama yeye, upana wote ni wako. Na bonde lote."

Nikakaa chini, kwenye kile kigoda alichokikataa. Nusu ilikuwa imenimaliza. Upana wote, peke yangu, kila masika, mpaka Lutengano arudi, na hakuna aliyejua kama Lutengano atarudi. Ningeshindwa mwaka wa kwanza tu, hilo lilikuwa wazi kama mchana. Shamba lingekwenda. Na nani angenisaidia? Wale waliotwika mitungi mitupu waniepuke?

"Amekwisha kuondoka?" nikauliza.

"Sasa hivi. Na ng'ombe wake."

Nilitoka bila kaniki ya kujifunika. Sikufikiri. Nilikimbia juu ya changarawe yangu na yake, nikawapita wanawake waliokuwa wakipalilia pembeni, nikasikia mmoja akisema "Loo!" Nikawaona ng'ombe mbele, na nyuma yao mtu mrefu aliyeinama, mkeka begani. Nikawapita ng'ombe. Nikazunguka. Nikasimama mbele yake, barabarani, uso wazi.

Mzee akafanya kama alivyofanya maisha yake yote. Akageuka, akajikinga uso kwa mkeka, akatafuta mtaro, mguu ukateleza, akashika ng'ombe asianguke.

"Nipishe, mwanangu," akasema nyuma ya mkeka. Sauti yake ilikuwa nyembamba, sikutegemea. "Nipishe nipite. Nakuheshimu."

"Tata, ukiondoka nusu yako inakuwa yangu. Amri imetoka jana. Nitalima yote peke yangu."

Mkeka haukusogea.

"Unaniachia heshima," nikasema, na hapo nikalia mbele ya ng'ombe na mbele ya watu wote wa vijiji viwili. "Heshima yako ndiyo nitakayoilima peke yangu, Tata? Nitaibeba na kapu gani?"

Ng'ombe mmoja akaanza kula majani ya mtaroni.  Kisha mkeka ukashuka taratibu, ukafika kidevuni, ukafika kifuani. Nikamwona. Alikuwa na macho ya Lutengano, yaleyale, kwenye uso uliochakaa, na kovu kwenye nyusi ambalo hakuna aliyewahi kuniambia habari zake. Naye akanitazama. Alinitazama kama mtu anayetafuta kitu alichoambiwa kipo.

"Wewe ndiye Angetile?"

"Ndiyo mimi."

"Mbona u mtoto," akasema. "Nilikuwa naona kazi ile, nikadhani ni mwanamke mzima. Na umekonda hivi. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba umekonda."

 Alisogea, akaweka mkeka wake chini, juu ya changarawe, katikati, akaketi juu yake akikohoa, akanionyesha mahali pa kukaa kando yake nipumzike.